Siku Niliyokwenda Kumtukana Ndovu

Mimi kwangu ndovu hakuwa mnyama, alikuwa muuaji. Mume wangu alifia shambani kwetu Makwasinyi, mahindi yakiwa yamekomaa. Alitoka akipiga debe kuwafukuza ndovu, kama wafanyavyo wanaume wote wa kwetu. Ndovu wengine walikimbia. Mmoja alikuwa na mtoto, na mwenye mtoto hakimbii debe.

Baada ya matanga nikahamia Voi, chumba cha kupanga, nikauza chapati. Shamba nililiacha pamoja na kaburi la mume wangu. Shemeji akatuma neno: nisiporudi kabla ya mvua, atampa mtu mwingine alime. Nikamjibu ampe, ampe hata shetani! Jioni nilikula peke yangu, redio nikiiacha wazi ili chumba kisinyamaze. Magari ya watalii yakipita, nilisonya.

Basi akina mama wa kanisa wakakodi lori kwenda mbugani Tsavo. Sisi tuliokaa mlangoni pake hatukuwahi kuingia. Nikapanda, moyoni nikisema, leo nitawatukana ana kwa ana.

Kilikuwa kiangazi kibaya. Kando ya dimbwi lililokauka alisimama ndovu jike, peke yake, mbele ya mtoto wake aliyekufa, amebaki ngozi na mifupa. Akampapasa kwa mkonga. Akaondoka kidogo, akarudi, akampapasa tena. Wenzangu walikuwa wakigawana viazi vitamu na kucheka. Mimi, badala ya kutukana, nikaangua kilio, mimi ambaye mazishini sikutoa chozi.

"Mama, kulikoni?" akauliza jirani yangu.

"Niache!"

Haki ya Mungu, nilimwonea wivu yule ndovu. Yeye alikuwa amesimama pale na maiti wake. Mimi nilikuwa nimemkimbia wangu.

Juma lililofuata, mvua bado, nilirudi Makwasinyi nikamwambia shemeji kwamba shamba langu halitolewi kwa mtu. Kisha nikaenda kaburini. Magugu yalikuwa yamelifunika. Niliketi chini na upweke wangu wote, nikidhani nitawalaani ndovu kama kawaida yangu. Yakanitoka maneno mengine kabisa.

"Mkaidi wewe! Si nilikushika shati? Si nilikwambia waache wajilie? Mahindi tungepanda tena."