Sakafu yangu nyeupe ilivyotaka kumkosesha mjukuu wangu mume

Wakuu habari za humu.

Mlionizidi umri shikamooni, kama mpo. Mliobaki marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimeona vijana mnabishana humu kuhusu hii habari ya kuwavua wageni viatu mlangoni. Mmoja anasema ni ustaarabu, mwingine anasema ni kiburi cha watu waliojenga juzi. Nikasema ngoja na mimi bibi yenu niweke uzi wangu. Nimeishia darasa la nne, nikikosea herufi someni tu, mtaelewa. Lakini nitakayosema yametokea kwangu, barazani kwangu, na mashahidi bado wanakula ugali.

Mimi ni wa Sepuka, Singida huku. Watoto wangu wote nimewazaa kwenye tembe. Kwa asiyejua, tembe ni nyumba yetu ya udongo, paa bapa la udongo. Sakafu yake unaisiliba na kinyesi cha ng'ombe. Nimesiliba ujana wangu wote mpaka uzeeni, mikono inanuka zizi hata kanisani.

Sasa watoto wakajichanga wakanijengea nyumba ya bati. Ndani wakaniwekea tiles. Nyeupe. Nyeupe wakuu, ukidondosha chembe ya uwele unaiona toka mlangoni.

Siku ya kwanza sikulala kitandani. Nililala sakafuni nikiigusa gusa.

Basi nikatoa sheria: haingii mtu na viatu. Sikujali wewe ni nani. Mwenyekiti wa kijiji alivua. Katekista alivua. Bwana mifugo alivua, na siku hiyo ndiyo nilijua kwa nini mke wake anapenda kulala na dirisha wazi.

Watu walinisema. "Bibi yake Sesilia siku hizi anajiona yuko Ulaya." Nikawaambia waende Ulaya basi wakakanyage huko.

Sesilia ndiye mjukuu wangu. Mama yake aliniachia akiwa bado ananyonya, nikamlea mimi. Ni binti mpole, mchapakazi, ila akikaza shingo ni kama mimi. Alimpata kijana wa Nduguti anaitwa Yohana, fundi wa kuchomelea vyuma. Walipendana. Nilimchunguza yule kijana kama unavyochunguza kuku mnadani, nikageuza huku na huku, sikuona ugonjwa. Nikasema haya, waje wazee wao.

Wazee wakapanga siku. Kipindi chenyewe cha mvua.

Wenzangu wa Singida mnajua tope la mbugani likoje. Jeusi, linanata kama ugali wa mtama. Ukitembea kidogo unakuwa mrefu.

Mimi toka alfajiri nimedeki mara mbili. Sesilia anachinja kuku, majirani wanasonga ugali, shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, amekaa sebuleni anafanya mazoezi ya kukohoa. Yeye ndiye alikuwa msemaji wa upande wetu.

Gari ya wageni ikaja. Ilikwama huko chini, wakashuka wakamalizia kwa miguu. Nikawaona wanapanda kuja kwangu, miguu yote myeusi mpaka kwenye vifundo.

Moyo wangu ukaniambia simama mlangoni. Nikasimama.

"Karibuni sana wageni wetu. Tumefurahi. Viatu hapa."

Shangazi yake Yohana akavua, mwanamke mnene mcheshi, akasema, "Afadhali, vilikuwa vinanila." Vijana wakavua. Yohana mwenyewe akavua haraka mpaka akataka kuanguka. Wote wakaingia.

Akabaki mmoja. Baba mkubwa wa Yohana.

Mzee mrefu, koti, kofia, fimbo. Chini amepiga viatu vyeusi vya kuchongoka, vya ngozi, vimejaa tope. Akasimama pale barazani akiangalia mbali kama anahesabu mvua.

Nikamwambia, "Kaka, karibu ndani."

"Asante dada. Mimi nitakaa hapa hapa. Kuna upepo mzuri."

Wakuu, upepo wa Singida mnaujua. Na manyunyu yalikuwa yanaingia mpaka barazani. Kofia inataka kuondoka na mzee ameishika kwa mkono, anasema upepo mzuri!

Nikasema, "Vua tu kaka, usione haya. Humu ni kwenu."

"Mimi sivui viatu ugenini."

"Kwani ugenini kwenu viatu vinaibwa?"

Ndani watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mtu mzima havuliwi viatu mlangoni kama mtoto wa chekechea."

Hapo damu ikanipanda. Nikamjibu, "Na sakafu yangu haikanyagwi na tope, liwe la Sepuka liwe la Nduguti. Viatu vyako na upepo wako mzuri kaeni pamoja."

Hata shemeji aliacha kukohoa.

Nikaingia nikakaa. Nikasema haya, tuanze mazungumzo. Shangazi akaangalia mikono yake. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hatuwezi kuanza. Msemaji wetu ni yule aliyeko nje. Kwetu yeye asipofungua mdomo, sisi wote ni mabubu."

Basi tukakaa. Wao mabubu, sisi viziwi. Chai inapoa. Kijana mmoja wa kwao akachungulia nje, akarudi, akamnong'oneza Yohana. Nikasikia neno "turudi."

Nikaondoka nikaenda jikoni nikijifanya naangalia kuku. Sesilia alikuwa amesikia kila kitu. Amekaa kwenye kinu, mikono ina manyoya, machozi yanateremka mpaka kidevuni.

Nikamwambia, "Usilie. Ni mzee mwenye kiburi. Mtu akikataa kuheshimu nyumba yangu leo, kesho atakuheshimu wewe?"

Akaniangalia. Akasema, "Bibi, hiyo sakafu ndiyo itakayonioa?"

Wakuu, nimepigwa na mume enzi hizo, nimepigwa na ng'ombe, lakini sijawahi kupigwa vile.

Nilichukua ndoo ya maji, brashi ya kufulia na kigoda. Nikazunguka nyumba mpaka barazani.

Akili yangu ilikuwa hivi: mimi sibadilishi sheria, na yeye havui. Basi nitavisugua viatu vikiwa miguuni mwake. Soli ikiwa safi, aingie. Hajashinda yeye, sijashindwa mimi.

Nikaketi mbele yake. "Kaka, leta mguu."

Akashtuka. "Dada unataka kufanya nini?"

"Nataka kuosha soli. Leta mguu, chai inapoa."

"Hapana, hapana, dada, mtu mzima kama wewe huwezi kuniosha..."

Mimi nimekamua ng'ombe wakorofi maisha yangu yote. Mguu ukinyimwa, unaufuata. Nikakamata kisigino nikavuta.

Mzee akatoa mlio. Si mlio wa hasira. Mlio wa mbuzi.

"Taratibu dada!"

Nikatazama vizuri. Mguu umefura juu ya kiatu kama unga wa maandazi uliosahaulika kwenye sufuria. Nyama imemwagika pande zote, kamba zimezama ndani hazionekani.

Nikashusha sauti. "Kaka, una ugonjwa wa miguu?"

Akaangalia mlangoni kama kuna mtu anasikia. Akainama mpaka kofia ikanigusa.

"Sina ugonjwa dada. Nina viatu."

"Viatu vimefanyaje?"

"Si vyangu. Ni vya mwalimu jirani yangu. Vidogo. Asubuhi vijana wamenivalisha wawili, mmoja kashika mguu, mmoja ana sabuni na kijiko. Nikivua hapa, haviingii tena. Nitatoka mbele ya wakwe pekupeku, na ukoo mzima unaangalia."

Nikauma khanga. Kicheko kilikuja mpaka puani.

"Sasa vyako viko wapi?"

"Mimi navaa makatambuga dada. Ya matairi. Wamesema siwezi kwenda kuomba binti wa watu, nyumba ya tiles, nimevaa matairi. Watasema tumewadharau."

Hapo kicheko kikakata chenyewe.

Maana nilielewa wakuu. Huyu mzee ninayemwita mwenye kiburi amejitesa toka Nduguti mpaka Sepuka, kwenye lile gari, kwenye lile tope, vidole vinalia ndani ya viatu vya mwalimu, ili asiniaibishe mimi. Nyumba yangu ameanza kuiheshimu toka kwake. Mimi nimemsubiri mlangoni na mdomo.

Sasa nifanyeje? Nikisema aingie yeye tu na viatu, watauliza kwa nini. Nikieleza, nimemvua nguo mzee wa watu siku ya posa. Na viatu kuvua haviwezekani, labda aje fundi na msumeno.

Nikasimama. Nikafungua mlango wote wazi, nikaweka mikono kiunoni.

"Jamani sikilizeni. Nimezungumza na mzee. Amenizidi hoja. Leo ni siku ya heshima, na mtu wa heshima hukaa na viatu vyake. Kila mtu atoke avae!"

Shemeji akakodoa macho. "Shemeji, na ile sheria yako?"

"Sheria ni yangu. Nimeipa likizo."

"Mimi mwenyewe ulinivua wiki iliyopita, na nilikuwa na kidonda!"

"Vaa viatu shemeji, usinitie wazimu."

Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. Wakatoka wote, wakavaa mitope yao, wakarudi. Mimi nikaenda nikavaa raba zangu za shambani ili wasijisikie vibaya. Baba mkubwa akaingia wa mwisho, taratibu, kama bwana harusi. Alivyopita karibu yangu akasema chini chini, "Asante mkwe."

Nikamjibu, "Mkwe bado. Kaa kwanza tuzungumze."

Tiles zangu wakuu! Ilikuwa kama ng'ombe wametoka kunywa maji. Mstari wa tope mpaka kwenye kochi. Sikuangalia chini. Niliangalia ukutani, kwenye kalenda.

Sasa sikieni sehemu tamu.

Shemeji alikuwa amejiandaa kwa mabishano ya mpaka jioni. Alikuwa na methali za kutosha. Akaanza kutaja ng'ombe, akisubiri mzee akatae, kama kawaida ya mahari, mnavutana kidogo.

Mzee akasema, "Tumekubali."

Shemeji akameza mate. Akataja mbuzi.

"Tumekubali."

Akataja blanketi la bibi, ambalo ndilo langu. Kabla hajamaliza neno, "Tumekubali, na liwe zito, huku kuna baridi."

Watu wa kwao wanamtazama mzee wao kama amelogwa. Mimi peke yangu nilikuwa naona kidole gumba chake kinavyocheza ndani ya kiatu. Yule baba alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, kufika nyumbani akatwe kamba.

Mahari iliisha chai ikiwa bado ina mvuke, na ile chai ilikuwa imepashwa mara ya pili.

Shemeji mpaka leo anatembea kijijini akisema ni ulimi wake.

Sesilia alitoka jikoni kusalimia, akapiga magoti kwenye tope, akaitika kwamba ndiyo, anamfahamu kijana huyu. Wageni walivyoondoka tulideki wote wawili, yeye huku mimi kule, maji ndoo kwa ndoo. Akawa anacheka peke yake. Nikamuuliza unacheka nini. Akasema, "Bibi, leo umevaa raba sebuleni." Sikumwambia siri ya mzee, hata yeye.

Nisije nikaambiwa natangaza aibu za watu: siri ameitoa mwenyewe. Kwenye harusi alipewa kipaza sauti, akasimama na makatambuga yake, akasimulia yote mpaka ule mlio wa mbuzi. Ukumbi ulilala chini. Shemeji alisikia, bado anasema ulimi ulisaidia.

Sasa mafunzo yangu, mchukue msichukue.

Kwangu bado unavua. Sijabadilika, tiles ni nyeupe vile vile. Lakini siku hizi nasema kwenye simu, kabla mtu hajatoka kwake: kwa bibi tunavua, njoo na viatu vinavyovulika. Ukimwambia mtu mlangoni, mbele ya watu, umemtega. Hujui ndani ya kile kiatu kuna nini. Kuna mwingine ana kidonda, mwingine soksi imebaki shingo tu, mwingine kaazima.

Weka na kandambili mlangoni, kubwa kubwa, za wanaume wazima.

Na mgeni akikataa, usipandishe sauti. Mwendee pembeni umuulize. Mimi bila ile ndoo ya maji, leo Sesilia angekuwa analia kwenye kinu.

Haya wakuu, nimemaliza. Na nyie mnaovua na mnaovuliwa, leteni yenu yaliyowakuta. Humu sikai mlangoni, ingieni na viatu vyenu. Ila mwenye tope mdomoni ajipanguse kwanza.