Mivinje Uwanjani mwa Kaya

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Kituo alinikabidhi buti na rungu, kisha akanionya: "Ukiingia kaya, buti hizo utazivua. Mkubwa yeyote akikuuliza, mwambie nimekuagiza mimi."

Kaya, kwa nyinyi mliokulia mijini, ni msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Humo mti haukatwi wala haupandwi, huota wenyewe. Katikati huachwa uwanja mtupu, unaofagiwa, na hapo ndipo wazee huombea mvua. Ardhi ilikuwa ya umma, wazee ndio walioitunza, nasi askari wa msitu tulikuwa katikati yao na serikali. Miaka mingi tulielewana.

Kisha ikaja ruzuku, fedha za serikali za kuwashirikisha wenyeji katika utunzaji wa misitu. Nilifurahi, sikatai. Mratibu wa Ruzuku akaja kutoka Malindi, akasimama uwanjani na viatu vyake miguuni.

"Hapa pameharibiwa," akasema. "Pandeni mivinje."

"Mkuu, hapa ndipo wazee wanapoombea."

"Sajini, ruzuku ni ya miti. Wakitaka kuomba, misikiti na makanisa yamejaa tele."

Nilikasirika. Ninapoandika haya nakasirika tena.

Vibarua wakaletwa, mivinje ikapandwa kwa mistari. Kesho yake Mzee Karisa, mkuu wa kaya ile, aliing'oa yote, akaipanga kivulini na kuifunika mizizi kwa udongo mbichi isije ikafa. Mtu aliyeionea huruma miche yao, ndiye niliyeamriwa nimkamate kwa kuharibu mali ya umma!

"Nifunge, mwanangu," aliniambia, akinyoosha mikono. "Lakini kawaulize, huo ushirikiano wao wameshirikiana na nani?"

Nilikataa kumgusa. Akatumwa mwingine, Mzee akalala rumande, mivinje ikarudishwa ardhini. Mimi nikahamishiwa Kaloleni, na huko ndiko nilikostaafu. Mratibu alipandishwa cheo. Msiniambie nisahau.

Juzi nilikwenda kumtazama Mzee. Uwanja umegeuka shamba la mivinje, na kando ya barabara pana kibao kikubwa kinachosifu ushirikiano na wenyeji. Wazee walikuwa wameketi chini ya kibao hicho wakiombea mvua, malori yakiwapulizia vumbi.

"Shikamoo, Mzee," nikasema, nikainama kuvua viatu kama nilivyofunzwa.

"Marahaba. Vaa tu, mwanangu," akanijibu. "Hapa ni barabarani."