Njaa Tuliyoipeleka Angani

Wenzangu mliokulia Dodoma kabla haijajaa taa, mtakumbuka jinsi anga lilivyokuwa karibu. Jua likishazama pale mtaani kwetu Kikuyu, na umeme umekatika kama kawaida yake, nyota zilijitokeza kwa wingi hadi ukajikuta umeinamisha kichwa kama mtu anayepita mlango mfupi. Wenzangu waliimba. Mimi nilikaa mlangoni, mgongo umeegemea ukuta, nikijihisi kama nitaanguka kwenda juu, nikitaka niwe na kitu cha kushika. Nina miaka ishirini na tisa na sijawahi kumwambia mtu jambo hilo.

Najua wakubwa watacheka kusikia mtu wa umri wangu akisema "enzi zetu". Wacheke, lakini zimeshapita kweli. Tulicheza rede mpaka magoti yakawa meupe kwa vumbi. Tulilamba ubuyu wa rangi, tukaingia darasani midomo myekundu, na mwalimu akatuuliza kama tumetoka kula mtu. Msimu wa zabibu tulikula zile zilizopasuka, nyuki wakitufuata mpaka chooni. Jumamosi baba alirudi mnadani na nyama ya mbuzi iliyofungwa kwenye karatasi, na harufu yake ilifika kabla ya baiskeli. Na katikati ya hayo yote, mimi na binamu yangu Lea tulikuwa tunatawala dola.

Dola letu liliishi ndani ya kauntabuku kubwa jeusi lenye mgongo mwekundu. Humo tuliandika historia ya miaka ambayo haijafika: jinsi watu watakavyoondoka duniani, sayari watakazohamia, wafalme watakaowatawala na vita watakavyopigana. Hakuna aliyetufundisha. Tulikuwa na kitabu cha sayansi kisicho na jalada, nusu ya kurasa zake zimeliwa na mchwa, na kila tulichokosa humo tulikitafuta mtaani kwetu. Makao makuu tuliyaweka kwenye sayari kame iliyo katikati, kwa sababu makao makuu huwekwa katikati, hilo tulilijua kwa kuzaliwa Dodoma. Kwa vizazi vitatu maofisa wa dola walikuwa wakitangaza kwamba wanahamia huko mwakani.

Shule ilipotupeleka kuona bwawa la Mtera, maji yalikuwa yamerudi nyuma sana, na mitumbwi imelala kwenye matope yaliyopasuka. Mwalimu akatuambia taa za mbali zinawashwa na maji haya haya. Lea akaninong'oneza, "Kumbe anayekaa hapa ndiye mfalme." Tuliporudi tukamhamisha mfalme wetu siku ile ile. Akaishi juu ya bwawa linaloelea kati ya nyota, na makoloni yote yakawa yanapelekewa maji kutoka kwake, kwa ndoo.

Hapo ndipo hofu yangu ilipopata kazi. Lea alipenda kuchora vita na mavazi. Mimi nilipewa hesabu: koloni hili lina watu wangapi, safari ya chombo ni siku ngapi, kila mtu anywe ndoo ngapi. Niliamini, na sioni aibu kulikiri, kwamba nikikosea kuna mtu atakufa. Nilikuwa nimeshachana madaftari matatu mazima kwa sababu ya doa la wino au mstari uliopinda. Baba aliponipa hili la nne alisema, "Hili ndilo la mwisho. Ukilichana, utaandika kwenye majani ya mgomba." Dodoma hakuna migomba. Nilimwelewa. Nikaweka sheria: humu hakifutwi kitu.

Kisha nikakosea. Kwenye koloni tuliloliita Vumbi la Pili nilisahau mbili ya kichwani nilipokuwa najumlisha. Niliigundua wiki mbili baadaye, chombo cha maji kimeshaandikwa kwamba kimeondoka na hakirudi. Watu mia mbili walikuwa hawana maji. Nilijifungia jikoni nikalia hadi Lea akaja kugonga.

"Nini sasa?"

"Nimewaua watu mia mbili."

Akachukua daftari, akapitia hesabu, akainua mabega. "Basi iwe njaa. Dola gani halina njaa?"

Ilikuwa hoja nzuri. Bibi yetu, mama wa baba yangu na wa baba yake Lea, aliyekuwa akiishi kijijini upande wa Chamwino, alihesabu miaka kwa njaa. Ukimuuliza baba alizaliwa lini hakukutajia mwaka. Alikuambia njaa fulani ilipokwisha, mvua ya pili. Kila njaa ilikuwa na jina lake, na jina lilitokana na walichokula watu au walichofanya wakati ule. Kwa hiyo historia yetu nayo haikuwa na tarehe, ilikuwa na njaa. Hii ya Vumbi la Pili tukaiita Lamba Ndoo. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa kwamba wazee wote wa koloni walikataa maji yao, wakisema wamekwisha kunywa, na watoto wakabaki. Nilijivunia sana ukurasa ule. Haukuwa na doa.

Desemba tukaenda kwa Bibi kama kila mwaka. Tulimkuta barazani anabangua karanga. Tukapiga magoti, "Shikamoo Bibi," naye akaitikia, kisha akatudai na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", tuiseme mpaka itoke vizuri. Hakujua kusoma, na alipoliona daftari alitaka lisomwe lote. Basi kila mchana tulimsomea, naye alitukosoa bila huruma.

"Huko juu wanakula nini?"

"Vidonge, Bibi."

"Vidonge! Wote wagonjwa?"

Au, "Huyo mfalme anaoga maji ya watu, na hakuna mwanamke wa kumsema?" Tulicheka mpaka karanga zikamwagika. Siku ya nne nikafika kwenye ukurasa wangu. Nilisoma kwa sauti ya kujidai. Nilipotaja Lamba Ndoo, mikono ya Bibi ikasimama.

"Hiyo imeshatokea?"

"Bado. Ni ya mbele."

"Sasa nani kawaambia njaa inapewa jina kabla haijafika?" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Jina la njaa wanalitoa waliobaki. Ukilitoa mapema, umeshachagua nani abaki."

Akarudi kwenye karanga zake. Hakutaka kusomewa tena siku ile.

Mwaka ule Bibi alikuwa ameshapanda uwele kwenye udongo mkavu, shamba la kuberega, lile la kufyeka na kuchoma bila kulima, mbegu ikisubiri mvua ardhini. Mvua ilikuja siku moja, ikalowesha vumbi, ikaondoka. Asubuhi tulienda na Bibi shambani, akafukua kwa kidole. Mbegu zilikuwa zimetoa kichipukizi cheupe kama uzi, kisha zikakauka. Alizifukia tena taratibu. Nilikuwa najua ni nani aliyefanya vile.

Wiki ikapita, na ya pili. Mawingu yalikuja kila alasiri upande wa mashariki, yakakaa, yakaondoka. Jioni tulikula sinia moja, ugali wa uwele na mlenda, na ndipo nikaanza kuhesabu matonge ya Bibi. Siku ya kwanza nane. Halafu sita. Halafu akamega manne, akanawa mikono, akasema, "Kuleni. Mimi nimeshiba."

Mnaelewa? Ndiyo maneno niliyokuwa nimewaandikia wazee wa Vumbi la Pili, kasoro tu wao ilikuwa maji. Nilimtazama Lea, nikaona na yeye kaelewa, maana tonge lake lilikuwa limebaki hewani.

Kesho yake nilimvuta nyuma ya zizi. "Tulifute."

"Wewe ndiye uliyesema hakifutwi kitu."

"Bibi atakufa, Lea."

"Sasa si umuulize yeye?"

Nilikwenda. Bibi alikuwa anachambua mbegu chache zilizobaki. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: hesabu, mbili ya kichwani, wazee waliokataa maji, matonge manne. Nikamuuliza kama nifute. Sikutegemea anibembeleze, na hakunibembeleza. Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo la kweli.

"Ukifuta," akasema, "wale mia mbili utawaweka wapi?"

Nililifunga daftari bila kufuta. Swali hilo bado ninalo.

Jioni ile mimi na Lea tuliamua bila kuambizana. Bibi alimega tonge moja, na sisi moja. Akamega la pili, na sisi la pili. Akamaliza la nne, akanawa, nasi tukanawa. Ugali umebaki sinia nzima, unatoa moshi.

"Mbona hamli?"

"Tumeshiba," akasema Lea.

"Mmeshiba nini, matonge manne? Mnanihesabia?"

"Ndiyo," nikasema. Kwetu mtoto hampangii mkubwa chakula.

Bibi akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa akituita wake wenza, kwa utani ule wa bibi na wajukuu, ati tunamnyang'anya mume. "Wake wenzangu hawa," akasema, "wanataka ninenepe ili nani anitamani, na mume mwenyewe alishazikwa?" Lakini akarudisha mkono kwenye sinia. Akala la tano. Tukala la tano. Tulikula hivyo kila siku, tonge kwa tonge, tukitazamana kama watu wanaocheza bao, mpaka shule zilipokaribia kufunguliwa na baba akaja kutuchukua.

Baba alimbembeleza aje naye mjini. Akakataa, kwa ajili ya mbuzi. Nilipanda basi nikiwa na daftari kifuani, na nilipogeuka nilimwona kasimama kando ya njia, kitenge kimemzidi mwili. Nikawaza: sasa nani atahesabu?

Muhula ule sikusoma chochote. Nilikaa dirishani nikitazama mawingu. Kila mtu aliyebisha hodi nyumbani niliona kaja na habari. Sikuandika mstari mmoja wa dola. Niliogopa hata kulifungua, nisije nikakuta kitu ambacho sikumbuki kuandika. Mama alisema nina minyoo, akaninywesha dawa.

Baada ya Pasaka, alasiri moja, nilitoka shule nikamkuta Bibi ameketi kwenye mkeka uani kwetu, shangazi aliyemleta kando yake, na mbuzi wawili waliobaki wamefungwa kwenye mti wa mwarobaini. Alikuwa amekwisha kabisa. Mifupa ya mabega ilionekana juu ya nguo. Nilishindwa hata kumwamkia. Mama aliweka sinia mbele yake, naye akanyoosha kidole kwangu: "Wewe. Kaa hapa uhesabu."

Alikula matonge kumi na moja. Nakumbuka kila moja.

Alipomaliza akasema kule kijijini njaa hii bado haina jina, wanasema hii tu, lakini humu nyumbani jina lake ni Nimeshiba. Kwa sababu kila nyumba aliyopita, akasema, alikuta mzee mmoja amekaa kando ya sinia anawaambia watoto maneno hayo hayo, na wengine hakuwakuta tena aliporudi. Alilisema jina kama mtu anayesaini. Mama akafuta macho kwa kanga. Mimi nilikaa pale nikisikia hofu ya muhula mzima ikihama, haikuondoka, ilihama tu. Maana nilikuwa nimedhani wazee wa kukataa chakula nimewatunga mimi.

Bibi aliishi nasi Kikuyu miaka saba zaidi. Hakulima tena. Alifariki mwezi wa mavuno, ameshiba kweli, na nilishuhudia.

Lea sasa yuko kwenye moja ya zile ofisi mpya za serikali, maana maofisa walihamia kweli mwishowe, na sisi ambao tuliandika hawatahamia kamwe tumeaibika. Nilipomkumbusha dola letu alicheka, "Ile michoro? Bado unayo?" Ninayo. Nimefika kauntabuku la kumi na tisa. Nimejifunza peke yangu mambo ya obiti na hewa na mionzi, nimesahihisha uzito wa kila sayari, na bado napitia hesabu za maji mara nne kabla ya kulala.

Binti wa kaka yangu, Upendo, yuko kidato cha pili. Mwezi uliopita alinionea huruma. "Shangazi, miaka yote hiyo kwa mkono? Ngoja." Akaiambia simu yake imtungie anachotaka, chai yangu haijapoa akawa na dola: sayari mia tatu, bendera, nyimbo za taifa, wafalme wenye sura. Lilikuwa zuri kuliko langu, nasema kweli na inaniuma. Nikasoma. Mahali fulani katikati, kwenye sentensi moja, njaa ilipita ikaua mamilioni, na sentensi iliyofuata ikaanza habari ya harusi ya malkia.

"Waliobaki ni akina nani?" nikamuuliza.

"Wapi?"

"Hapa. Kwenye njaa."

Akaangalia kioo cha simu, akaniangalia mimi, akacheka kwa upole kama unavyomcheka mgonjwa. "Shangazi jamani. Nani anahesabu?"

Sisi tulikuwa tunahesabu, mwanangu. Tulihesabu vibaya, kwa penseli iliyoliwa na meno, tukikosa usingizi kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa na hawatazaliwa. Sisemi ilikuwa afya. Lakini nilimwomba anitumie ile sentensi, na jioni nikafungua ukurasa mpya, nikaandika juu yake jina la sayari, na chini yake namba moja, mahali pa jina la wa kwanza aliyebaki.