Viatu Vyeupe vya Lipingo

Aliyenilea, mume wa mama, nilikuwa namwita Baba Mdogo, ingawa udogo wake sikuwahi kuuona. Mlango wa nyumba yetu kule Mbuji aliuingia kwa kuinama kama anayetafuta sindano. Alikuwa Mmatengo wa kahawa na mahindi, mkimya, mbishi. Mama alikuwa mwanamke wa ziwani, mwenye maneno ya kuwatosha wote wawili. Baba aliyenizaa, wa Lipingo hukohuko ziwani, alikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nadhani aliyapata, maana hakurudi.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuigombea kahawa yetu na mitumba ikafurika sokoni Mbinga. Msimu mmoja Baba Mdogo aliuza vizuri, akapata kiburi cha kwenda kwa afisa ustawi kuuliza afanyeje ili aniasili. Alitaka niwe mtoto wake kisheria, nisije nikatolewa shambani siku moja kwa jina la mtoto wa kufikia. Akaambiwa baba mzazi akubali kwanza, tena kwa maandishi. Ujumbe ukapelekwa na jirani mmoja wa Lipingo aliyefanya kazi kulekule Afrika Kusini. Alipokuja likizo akaleta jibu: "Muulizeni mzee wangu. Akisema ndiyo, nitasaini."

Basi mimi nikawa mikononi mwa babu niliyemwona mara chache tu. Nilitaka Baba Mdogo awe baba yangu, jamani, nilitaka sana.

Kwetu milimani huendi kwa mzee mwenye neno zito mikono mitupu, na hakuna zawadi ya heshima kama samaki. Baba Mdogo akachagua mbasa watatu wakavu sokoni Mbinga, wakubwa kweli kweli, akawafunga kwa majani ya mgomba. Mama angemzuia, lakini alikuwa kwa dada yake na mdogo wangu mchanga. Mimi niliyekulia milimani niliona ni sawa kabisa. Tukapanda lori tukashuka ziwani.

Babu alikuwa uani anashona nyavu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

Baba Mdogo akafungua majani yake kwa mikono miwili. Babu akawainamia wale samaki muda mrefu.

"Huyu wa katikati namfahamu," akasema. "Aliondoka hapa juzi. Sikujua kama angerudi na mtu wa kumsindikiza."

Loo! Shangazi zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Babu akaongeza, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo mwenyeji kaletewa mboga yake mwenyewe!" Jasho likamtoka Baba Mdogo, na mimi hasira zikanipanda.

"Hawakuokotwa hao!" nikasema. "Wamenunuliwa!"

"Mke wangu ana hasira," babu akasema, kwa utani ule wa babu kwa wajukuu wa kike. "Haya, bwana mkubwa, sema kilichokuleta."

Baba Mdogo akasema, kwa maneno machache kama kawaida yake. Babu akaacha kucheka.

"Mtoto huyu ana baba."

Akaingia ndani, akatoka na viatu vyeupe vya kifungo, vipya, vinang'aa. Vilikuja na yule jirani. "Baba yake hajamsahau. Mke wangu, njoo uvae."

Akanivua vyangu. Sasa, Baba Mdogo hakuwahi kuninunulia kiatu cha saizi yangu. Vyote vilikuwa vikubwa, "utavikulia," na mbele alijaza matambara. Babu akavuta tambara la kwanza, la pili, la tatu, kama anayetoa matumbo ya samaki.

"Na haya ni ya nini?"

"Anakua, Mzee," Baba Mdogo akajibu, macho chini.

Kiatu cheupe kiliishia kwenye vidole. Babu akasukuma. Nikakunja vidole kumsaidia, maana nilimwonea huruma, lakini wapi. Kilikuwa kiatu cha mtoto anayejifunza kutembea.

"Anakua," babu akasema taratibu. Akarudisha matambara, moja moja, akanivalisha vile vikubwa na kunifunga kamba mwenyewe.

"Mwambieni asaini."

Baba Mdogo, masikini, alitafuta la kushukuru akaliokota lililo karibu. "Hivyo vyeupe tutampelekea mdogo wake, Mzee. Visiharibike."

"Hapana," babu akasema, akiwa amevikumbatia. "Hivi niachieni. Aliyevituma naye ni mtoto wangu."

Nilitaka kulia, lakini shangazi wakatuita kula. Wale mbasa walipikwa wote. Mtu wa milimani na samaki, unajua tena: tonge la pili tu, mwiba ukamkwama Baba Mdogo kooni, macho yakamtoka. Nikaruka, nikampiga mgongoni, nikapiga kelele uwanja mzima ukasikia.

"Meza ugali, Baba! Baba, meza!"

Babu alinyanyua macho akanitazama. Kisha akakata tonge kubwa, akampa.