Kanda ya Bibi kwenye Pikapu ya Wakwe

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, hapa hapa Mfaranyaki, Songea, nyumba ya Mjomba Mustafa ilipojaa watu mpaka kuku wakakosa pa kukanyaga. Ilikuwa siku ya ndoa ya Asumini. Asumini ni mtoto wa mama yangu mdogo. Mama yake alipofariki, Bibi yetu, Abiti Twalibu, alimchukua kule Nalasi, Tunduru, akamlea katikati ya mikorosho yake mpaka akawa mwari. Mimi nilikulia huku mjini kwa Mjomba. Ukinisikia namwita Asumini dada usiniulize mara mbili. Kwetu sisi mtoto wa mama mdogo ni ndugu wa tumbo moja.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yaliyozoea rafu tupu yalianza kujaa sabuni za kunukia, mitumba, na redio za kila namna zilizotoka Dubai. Na redio zikija, huja na maradhi yake. Mjomba alikuwa fundi redio, ana kibanda kando ya barabara, lakini macho yake yalikwisha kuingia ukungu. Yeye akawa anasikiliza, mimi nafungua. "Hadija, gusa pale," nami nagusa. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwepesi wa mikono, na mwepesi zaidi wa mdomo. Wateja wengine wakinikuta na bisibisi walisema watarudi fundi akiwepo. Mjomba aliwajibu, "Fundi ndiye huyo. Mimi hapa ni masikio tu."

Sasa, kwetu aliyemlea mwari ndiye anayemtoa. Husimama mbele ya wakwe, akasema maneno yake, kisha mwari huondoka. Lakini masika yale yaliikata barabara ya Tunduru vipande vipande, na Bibi miguu ilikuwa imemchoka. Akatuma salamu: "Kama mwili hauwezi, nitakuja kwa sauti." Siku hizo watu walitumiana kanda kama wanavyotumiana barua. Akaketi kwenye redio ya jirani yake, akasema maneno yake yote, na kanda akakabidhiwa dereva wa lori.

Lori lilikwama kwenye matope, likakwamuka, likakwama tena. Tulishakata tamaa. Asubuhi hiyo ya ndoa, shehe akiwa hajamaliza hata kufunga dua, tukaona mtu anaingia uwanjani, tope mpaka kiunoni, ameshika mfuko wa shati kama mtu anayeumwa moyo. Akatoa kifurushi cha nailoni, ndani yake kipande cha kanga, na ndani ya kanga ile kanda. "Bibi ameniambia nisimpe mtu yeyote ila Mustafa," alisema dereva yule wa lori. Walimpa maji ya kunywa kabla hata hawajampa pa kukaa.

Tukala, tukashiba. Jamaa wa muziki alikuwa ametega spika zake kubwa mbele ya nyumba, na ndiye tuliyemtegemea kuicheza kanda ya Bibi. Basi umeme ukakatika. Umeme wa Songea siku zile ulikuwa kama mgeni asiyeaga. Hujui katoka saa ngapi wala atarudi lini. Mashine zake zikawa mbao. Redio ndogo ya betri ya nyumbani tulikuwa nayo, lakini sauti yake ilitosha watu wa mkeka mmoja, na uwanja ulikuwa na watu wa mtaa mzima.

Mawingu nayo yakaanza kukusanyika. Mzee Kalembo, baba mkubwa wa bwana harusi, mkulima wa tumbaku wa Namtumbo, alikuwa ndiye kiongozi wa wakwe na mwenye pikapu ya kumchukulia bibi harusi. Akasimama, akaangalia juu. "Jamani, mvua ikitukuta Mfaranyaki, usiku utatukuta njiani. Tupeni mtoto wetu twende."

Ndani Asumini akatuma jibu: "Sitoki mpaka nimsikie Bibi."

Hapo ndipo mtu mmoja akapaza sauti, "Pikapu ya Mzee ina redio ya kanda! Na spika kubwa mbili zile pale nyuma!" Ni kweli, Mzee Kalembo alizifunga nyuma spika mbili za mbao, zikilia unazisikia kabla hujaliona gari. Watu wakashangilia. Nikaletewa kanda, nikaingia kwenye gari mbio, nikaipeleka kwenye mdomo wa redio.

"Hadija! Toa mkono."

Mjomba hakuwa mtu wa kupaza sauti, kwa hiyo alipopaza uwanja mzima ulinyamaza. Alikuja akipapasa ubavu wa gari mpaka akafika mlangoni.

"Kanda hiyo unayo nyingine?"

"Sina, Mjomba."

"Redio hiyo unaijua?"

"Siijui."

"Basi unapimaje kina cha mto kwa mguu wa Bibi yako? Tafuta mguu mwingine."

Niliona aibu, masikio yakanichoma. Watu wananitazama, wakwe wanangoja, na ngoja ngoja yaumiza matumbo. Lakini nilitoa mkono. Mzee Kalembo naye hakupendezwa. "Redio yangu nzima," alisema, akanipa kanda yake mwenyewe ya taarabu, ili tu atuonyeshe. Nikaiingiza. Mwimbaji akaimba vizuri ubeti mmoja. Wa pili sauti ikaanza kulewa, ikawa nzito, ikaburuzika, ikakatika. Nilipobonyeza kuitoa, ule utepe wa ndani ukatoka umejisokota kama utumbo wa kuku.

Mimi nilitazama kanda ya Bibi mkononi, nikaifunga tena kwenye kipande chake cha kanga.

"Wakati mwingine huwa inasumbua kidogo," akasema Mzee Kalembo polepole, na hata yeye akacheka.

Bwana harusi, Issa, kijana mpole, alikuwa na wokimani, kile kiredio cha kuvaa masikioni ambacho vijana walijivunia enzi hizo. Akakileta mwenyewe. Tukajaribu kwa kanda nyingine. Kilicheza laini, bila kuuma utepe. Shangazi mmoja akasema, "Basi apelekewe Asumini ndani, asikilize peke yake, tumalize." Mjomba akatikisa kichwa. "Maneno ya kumtoa mwari si siri ya masikioni. Wakwe wasiposikia, hayajasemwa."

Nikasimama pale, wokimani mkono mmoja, mkono wa pili umeshika usukani. Upande huu kuna sauti nzuri isiyo na mdomo. Upande ule kuna mdomo mkubwa usioweza kula. Nikamwuliza Mjomba kwa sauti ndogo, maana safari hii sikutaka kuaibika tena: "Je, tukiitoa sauti kwenye wokimani, tukaiingiza kwenye redio ya gari kwa waya?"

Akanisogezea sikio. "Niambie njia yake."

"Sauti ya redio ni kama maji ya mfereji, Mjomba. Inapita kwenye kitufe cha kuongezea sauti kabla haijafika kwenye spika. Sina haja na chemchemi, yaani ule mdomo wa kanda. Naziba maji ya juu, nafungua mfereji pale kwenye kitufe, naingiza maji yangu."

Ukungu wote wa macho yake haukuweza kuficha furaha ile. "Kamwombe mwenye gari," akasema.

Nikamwendea Mzee Kalembo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeniamkia asubuhi, unaniamkia tena. Kuna jambo."

"Naomba ruhusa niifungue redio yako."

"Ukiiua?"

"Nikiiua, nitakuja Namtumbo nikuvunie tumbaku mpaka utakaponihurumia."

Wakwe wakaangua kicheko. Mzee akanitazama, akamtazama Mjomba, akayatazama mawingu. "Fungua," akasema. "Mke mwenyewe hatoki, gari litaenda na nani?"

Nikaichomoa redio kutoka kwenye dashibodi, nikafungua mfuniko. Umeme hakuna, kwa hiyo chuma cha kulehemu nilikichomeka kwenye makaa ya jiko la pilau, akinamama wakanisogezea sufuria. Issa alikata mwenyewe waya wa vile vya masikioni, bila kusita, nikampenda shemeji yangu kuanzia hapo. Nyaya zile zilikuwa nyembamba kama unywele, zimepakwa rangi. Nikazipitisha motoni ziache rangi yake, nikazishika kwa koleo, nikazilehemu kwa risasi kwenye miguu ya kile kitufe.

Nikairudishia redio nyaya za gari, injini ikawashwa, tukajaribu kwa kanda nyingine ya Issa. Spika zikatoa *vuuuu*, mvumo mkubwa kama nyuki waliochokozwa, na mwimbaji ndani yake kama mtu anayezama. Watu wakaanza kupiga kelele: "Hivyo hivyo! Weka ya Bibi, tutasikia!"

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kufungulia. Nikakumbuka mguu na mto. Nikamgeukia Mjomba.

Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza mvumo ule kama anayesikiliza habari za mgonjwa. "Huo ni waya uliokosa mwenzake," akasema. "Mmoja hujaushikisha kwenye bati la redio. Na zima injini, betri inatosha."

Nikautafuta. Kweli, waya wa tatu, ule wa shaba tupu, ulikuwa unaning'inia. Nikarudi kwenye makaa, nikaulehemu kwenye bati la redio. Injini ikazimwa. Nikabonyeza.

Mwanangu, sauti ilitoka safi kama maji ya asubuhi! Spika zote mbili. Watoto wakaruka, akinamama wakapiga vigelegele, na Mzee Kalembo akapiga boneti ya gari lake kwa kiganja kama anayempongeza ng'ombe. Nikaiacha kanda ile iimbe wimbo mzima mpaka mwisho. Ndipo nikaitoa, nikaweka ya Bibi.

Kwanza tukasikia jogoo. Kisha kikohozi. Kisha Bibi: "Imeshaanza hii? Imeanza au bado?" Uwanja ukacheka. Ndani tukasikia Asumini analia na kucheka pamoja.

Alianza kwa Kiyao na Asumini, na hayo ni yao wawili. Kisha akageukia Kiswahili.

"Wakwe zangu wa Namtumbo, shikamooni wakubwa, nanyi wadogo marahaba. Ni mimi Abiti Twalibu wa Nalasi. Miguu imekataa, ulimi haujakataa. Issa, mjukuu wangu, sogea. Huyu niliyekupa akikasirika hasemi, hufagia. Ukiona uwanja umefagiwa mara mbili, jua kuna neno. Usiulize ufagio, muulize yeye."

Wanaume wakamcheka Issa mpaka akafunika uso. Lakini sauti ya Bibi ikabadilika, ikawa ya mtu aliyesimama wima.

"Na la mwisho. Mikorosho ya upande wa mto, niliyoipanda mwaka aliozaliwa, ni ya Asumini. Si ya mume. Si ya wajomba. Akiwa Namtumbo ni yake, akirudi Nalasi ni yake. Sina karatasi. Ninyi mnaonisikia ndio mashahidi wangu. Mmesikia?"

Hakuna aliyekuwa akitegemea hilo. Hata Mjomba hakujua. Na yeye, ambaye ni mjomba, ambaye kauli ile ilimpita kando, alikuwa wa kwanza kunyanyua mkono.

"Tumesikia, mama!"

Mzee Kalembo akafuata, "Tumesikia!" Kisha uwanja mzima, wenyeji na wageni, na dereva wa lori na matope yake: "Tumesikia!" Kana kwamba Bibi yuko pale nyuma ya pikapu anatusubiri tumjibu.

Asumini akatoka. Alitoka ameinua kichwa, mwanangu, kama mtu anayejua ana pa kukanyaga hapa duniani. Mvua iliwakuta wamefika.

Nilitaka kuung'oa waya wangu kabla hawajaondoka. Mzee Kalembo akanizuia mkono. "Uache hapo, fundi," akasema. Fundi! Mbele ya wateja wangu wote waliowahi kuniambia watarudi baadaye. Wiki iliyofuata akaja dereva wa basi ambaye redio yake inakula kanda, akaja mwenye teksi, wakaja watu wa Tunduru na wa Mbinga, kila mmoja anataka "waya kama ule wa pikapu ya Kalembo." Mjomba alikaa kwenye kiti chake anasikiliza tu, anatabasamu.

Na Bibi alipokwisha kutangulia mbele ya haki, na bei ya korosho ikapanda, wakajitokeza ndugu waliosema mikorosho ya mtoni ni ya ukoo. Mzee Kalembo alisafiri mpaka Nalasi na mkongojo wake, akasimama kwenye baraza la kijiji, akasema, "Nilimsikia kwa masikio haya, kwenye gari langu mwenyewe." Maneno yakaishia hapo. Asumini anavuna mpaka leo, na wajukuu zake wanasomeshwa kwa korosho hizo.

Basi, mwanangu, nikuambie ninalolijua. Ninyi mna simu zinazoimba bila waya, nami sizionei wivu. Kila zama na chombo chake. Lakini mambo yasiyo na nakala bado yapo: neno la mzazi, mwenza, uaminifu wa mtu, afya yako. Yakija mikononi na watu wanakupigia kelele uharakishe, tafuta kwanza kanda ya kujaribia. Maji yakimwagika hayazoleki. Sisemi uogope, anayeogopa hafungui redio hata moja, na sisi tungemtoa Asumini kimya kimya. Thubutu, lakini uwe na mtu wa kumuuliza pembeni yako, na ukiwa umeshaaibika mara moja, usione haya kuuliza mara ya pili. Mimi sifa zangu zote zilianza pale nilipoambiwa toa mkono, nikautoa.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka na masikio yasiyojaa kelele za watu. Akupe wa kukukemea kabla hujaharibu, na wa kukushangilia ukishatengeneza. Utakalolifunga likae, utakalolifungua lifunguke kwa heri, na siku ukisimama kusema la haki, uwanja wote ukujibu umesikika. Amina.