Hema Lisilo na Picha

Wiki hii, kwenye ofisi moja ya safari hapa Dodoma, nilimpisha mama wa Kigogo atangulie kwenye foleni. Binti yake alitaka kumlipia siku mbili katika hema la kifahari huko hifadhini, zawadi ya kustaafu ualimu.

Dada wa kaunta alimwamkia shikamoo, kisha akamgeuzia kompyuta aone kitanda kipana, mazulia, hadi jakuzi. Mama alitazama kwa heshima, kidole kidevuni.

"Mlango unatazama wapi?"

"Mashariki, mama. Jua linachomoza ukiwa kitandani."

"Na upepo wa kiangazi unatoka huko huko. Nitalala na vumbi."

Binti akamgusa kiwiko. "Mama, hili ndilo zuri kuliko yote."

"Hebu wapigie kambini," mama akamwambia yule dada, taratibu, kama anayemtuma mwanafunzi kuleta chaki.

Dada akapiga, akasikiliza kwa muda, akaishusha simu. "Wanasema wageni wa hema hilo huomba kuhamia la nyuma ya kichuguu. Ila hilo hatuna picha yake."

"Tupe hilo. Mpiga picha alipiga akaondoka. Mimi ndiye nitakayelala."

Binti akacheka, akatoa kadi yake ya benki.

Mimi sikucheka. Nyumba yangu ya Ipagala niliijenga kwa ramani nzuri sana, madirisha mapana yote upande wa mashariki. Kila Agosti tunafagia sebule mara tatu kwa siku. Aliyeichora anaishi Dar.