Michembe ya Mkwe Wangu

Baba yangu alikuwa na mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limechanika, na hakuwa mkali hata kidogo. Wageni walipita uani, akawaangalia, akarudisha kichwa chake kwenye majivu. Ila kulikuwa na mtu mmoja, mchuuzi wa chumvi na magadi, alikuwa anakuja kwetu Misungwi na baiskeli kutoka upande wa ziwa kila baada ya mavuno. Huyo akitokeza tu kule kwenye uzio wa minyaa, mbwa anasimama, manyoya juu, anabweka mpaka sauti inamkauka. Huyo tu. Wachuuzi wengine walipita na chumvi ileile, mbwa kimya.

Mama akasema mbwa anaona tusichokiona. Baba naye nilimwona anaanza kumwangalia yule mtu kwa pembeni. Mwaka huo ndama wa jirani akafa, watu wakakumbuka kwamba mchuuzi alikuwa amepita. Mtoto akapata homa, wakakumbuka tena. Baadaye akifika na kuomba maji, wanawake wanasema mtungi umekauka. Naye hakuwa mjinga. Msimu uliofuata hakuja, na hatukumwona tena. Nyuma ya baiskeli yake, juu ya gunia la chumvi, alikuwa anafunga kifurushi kimoja cha turubai ambacho hakukifungua mbele yetu hata siku moja. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa mtoto, na mtoto anataka kuona kila kilichofungwa.

Sijui kwa nini nimeanza na mbwa. Nilitaka kuandika habari za miguu yangu.

Mnivumilie, kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, tukikaa chini ya paa la ghala la pamba na vibao vyetu, na mwalimu alikuwa ananiambia kila siku kwamba ninaanza hadithi kwa mlango wa nyuma. Basi.

Zamani sisi Wasukuma tulikaa mbalimbali. Ukitaka kujua jirani kapika nini, ilikupasa utembee kweli, upite mashamba na malisho. Ilipokuja kazi ya kuhamia vijiji vya ujamaa, tulipangwa kwa mistari. Wakaja na kamba na vigingi, nyumba hii hapa, nyumba ile pale, kama mahindi. Mimi nikapewa kiwanja, na upande wangu wa machweo akapewa mama mzazi wa mke wangu, aliyekuwa mjane. Aliyepima hakuuliza. Au aliuliza akaambiwa ni ndugu wa nyumba moja, akaona amefanya vizuri.

Sasa mtu na mkwe wake, kwetu, hawaangaliani usoni. Hamli pamoja, hamkai pamoja, mkikutana njiani mmoja anaingia majanini mwenzake apite. Ni heshima, na kwa nyumba za zamani haikuwa na taabu yoyote. Lakini hapa mlango wake na mlango wangu ilitazamana. Nikitoka asubuhi nageuzia uso ukutani. Akitoka yeye anajifunika kanga kichwani na kupiga chafya ya uongo ili nijue yupo. Kwa miaka tuliishi hivyo. Nilimjua kwa kikohozi, kwa moshi wa jiko lake, na kwa mgongo wake. Uso wake nilikuwa nimeuona mara moja kwa bahati mbaya, na nilichokumbuka ni macho mekundu, ambayo kwetu watu husema ni ya mchawi.

Macho mekundu yalikuwa ya wote. Kuni zilikuwa zimekwisha kule kwetu, tulipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na moshi wake hauna huruma. Najua hivyo sasa. Hata wakati ule nilijua, lakini mtu anaweza kujua kitu na asikitumie.

Ugonjwa ulinianzia kwenye shamba la kijiji, tukipalilia pamba. Moto ulianza kwenye nyayo, kama nimekanyaga siafu. Nikaangalia chini, hakuna siafu. Ukapanda mpaka magotini, halafu miguu yote ikapoa ikawa kama ya mtu mwingine, vidole vya mikono vikaachia jembe vyenyewe. Ulimi ukawa mzito. Nikakaa chini kwenye tuta. Jioni ukaondoka wote, kesho yake nikaendesha baiskeli mpaka Misungwi mjini na kurudi.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza, kwenye hiyo baiskeli. Mtu anayeumwa alale, watu wamwone amelala. Mimi nilikuwa naanguka Jumatatu, Jumanne nacheka na watu kwenye pombe. Mwenyekiti wa kijiji, mtu wa maneno mengi lakini si mbaya, alisema kwenye mkutano kwamba kuna ndugu mmoja hapa ugonjwa wake unasoma kalenda, siku ya shamba la wote ndiyo unaamka. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nifanye nini? Baada ya hapo watoto wakaanza kuniita kupe. Enzi zile kupe lilikuwa neno kubwa. Kupe ni mtu anayenyonya jasho la wenzake.

Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka jina. Mtu mwenye malaria anasema nina malaria, anaachwa alale. Mwenye kichocho anasema kichocho. Mimi nikiulizwa unaumwa nini, naanza kueleza habari za siafu.

Tabibu wa zahanati alinipa dawa za malaria, halafu za minyoo, halafu za kichocho kwa kuwa nimeoga ziwani, halafu akanipa sindano ambayo hakuniambia ni ya nini. Mwishoni, kila nikitokeza mlangoni, anaangalia saa yake. Nikaanza kumshuku. Nikaona wengine wanapewa vidonge kutoka kopo la juu, mimi kutoka kopo la chini.

Nikaenda Mwanza. Nilifikia kwa dada yangu, Pasiansi, na shemeji akanipeleka hospitali moja ya mjini. Siku hiyo, bila shaka, nilikuwa mzima kama ng'ombe wa maonyesho. Nilikaa kwenye benchi nikiuomba ugonjwa uje. Niliomba kabisa, kimoyomoyo, njoo basi, uonekane mara moja tu na watu hawa. Haukuja. Wakatoa damu, mkojo, choo, wakapiga picha ya kifua. Daktari alikuwa kijana, akanigonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira, miguu ikaruka vizuri. Zile chupa za damu nilikuwa nimeziona zimepangwa pamoja kwenye sinia, karatasi zake zinabanduka, nikajisemea, damu yangu hapo amepewa mtu mwingine, na yake nimepewa mimi.

"Ndugu, vipimo vyote ni safi," akasema.

"Sasa kinachonichoma ni nini?"

Akaiweka ile nyundo mezani. Halafu akauliza kwa upole, "Nyumbani kuna tatizo lolote?"

Leo naelewa alikuwa anauliza kama nina mawazo, kama silali vizuri. Lakini mimi nilitoka pale nimepigwa na butwaa. Nilimwambia shemeji, umesikia? Hata daktari ameona ni mtu wa nyumbani. Shemeji, aliyekuwa fundi cherehani na mtu wa mjini, alinicheka mpaka Buzuruga, tulikokwenda kutafuta lori la kunirudisha. Alisema, shemeji yangu, ukiulizwa na polisi habari za nyumbani utajifunga mwenyewe. Sikucheka. Nilikuwa nimekwisha anza kuwahesabu watu wa nyumbani kwangu, na hawakuwa wengi.

Mkwe wangu alikuwa analeta michembe. Viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, mnavijua. Alikuwa anaiweka kwenye ungo mdogo, anaiacha kizingitini kwetu, anapiga chafya yake na kuondoka. Mke wangu anaichemsha, tunakula na maziwa. Nikafikiri, miaka yote hii nakula chakula cha mtu nisiyemjua uso. Nikaanza kuimwaga kwa kuku. Kuku hawakufa. Wakanenepa. Mtu mwenye akili angeishia hapo, lakini mimi nilijiambia kwamba dawa ya namna hiyo inamjua mwenyewe, kuku haiwahusu.

Mke wangu aliona. Hakugombana. Alisema tu, akiwa anafagia, "Baba, kuku wako wanamheshimu mama kuliko wewe." Siku mbili tatu hakuniongelesha, na mimi nikaandika hilo pia kichwani, kwamba yuko upande wa mama yake.

Halafu nikaanguka nyumbani. Ilikuwa mchana, jua kali, nilikuwa natoka mlangoni kwenda zizini, siafu wakaja, miguu ikapotea, nikalala katikati ya nyumba zile mbili nikiangalia angani. Siwezi kuita. Mke yuko mtoni. Nikasikia kikohozi. Akatoka nje, akaniona, akasimama. Hana ruhusa ya kunigusa, hana ruhusa hata ya kuniangalia. Akaita jina la binti yake, kimya. Akaita majirani, wote wako shambani. Ndipo nikaona mgongo wake unanijia. Alikuwa anatembea kinyumenyume, polepole, anapapasa ardhi kwa visigino asinikanyage. Alipofika karibu akavua kanga ya kichwani, akairusha nyuma ya bega lake bila kugeuka. Ikaniangukia usoni na kifuani, ikanikinga jua. Akabaki amesimama hapohapo, amenipa mgongo, kichwa wazi juani, mpaka mke wangu aliporudi na maji.

Mnadhani nilishukuru? Nililala chini ya kanga ile inanuka moshi nikijiuliza, kwa nini alikuwepo nyumbani wakati wote wako shambani?

Kaka yangu mkubwa alipopata habari hiyo akasema mdogo wangu, imetosha. Tukaenda kwa mfumu, ndivyo tunavyowaita waganga wa kwetu, aliyekuwa anasoma kuku. Unakwenda na kifaranga ulichokitemea mate mdomoni, kichukue habari zako, naye anakipasua na kusoma ndani. Njiani kaka alikuwa mchangamfu kuliko siku zote. Alisema kijiji fulani, sikitaji, walipata jina, na vijana wakamaliza kazi yao, na yule aliyekuwa anaumwa sasa analima. Nilikuwa nimesikia habari za kijiji hicho. Bibi kizee alikutwa amekufa mlangoni kwake asubuhi. Nilisikia kama mtu anavyosikia habari za redio.

Mfumu alikuwa mtu msafi, mpole, ameketi juu ya kigoda na miwani ya kusomea. Akakipasua kifaranga changu juu ya jani, akakigeuza kwa kijiti. Akasema hospitali hawakuona kitu. Kweli. Akasema unaanguka na kuamka. Kweli. Nikajisikia vizuri, nitasema ukweli wangu, nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote, kwa sababu mtu huyu hakuniambia kwamba mimi ni safi.

"Anayekufanyia hivi anakaa upande wa machweo," akasema. "Ni mwanamke. Anakupa chakula, lakini hakupi uso."

Kaka akanigonga kiwiko. "Si nilikwambia?" Akamgeukia mfumu. "Tutajie jina, mzee. Tukilipata, mengine utuachie sisi."

"Jina analitaja mwenyewe mgonjwa," mfumu akasema. "Mimi nitaitikia tu."

Wote wawili wakaniangalia. Na hapo, msinicheke, akaja kichwani yule mbwa wa baba. Nikamwona kabisa, manyoya juu. Nikafikiri, kifurushi kile cha turubai. Labda ilikuwa ngozi ya chui, anakwenda kuiuza mahali. Labda nyama. Hakuna mtu aliyemwuliza. Mbwa alikuwa anauliza tu, sisi ndio tuliojibu. Halafu nikamwona mkwe wangu anakuja kinyumenyume, visigino vyake vyeupe kwa vumbi, vinapapasa ardhi.

Jina nililotafuta miaka yote lilikuwa la ugonjwa. Hili walilolitaka lilikuwa la mtu. Na lilikuwa mdomoni mwangu, nalisikia uzito wake.

"Mbona unachelewa?" kaka akauliza.

Nikasema nimebanwa, naenda kukojoa kidogo. Mfumu akasema nenda, ila usipite mbele ya kuku. Nikazunguka nyuma ya kuku. Nikatoka, nikalipita zizi, nikaupita mti wa haja ambao kila mteja aliutumia, unanuka, nikaupita uzio wa minyaa. Miguu yangu ilianza kuchoma kidogo. Niliiacha ichome. Nikaingia njia ya ng'ombe inayokwenda barabarani, nyuma nikasikia kaka ananiita, mara ya kwanza kwa kawaida, mara ya pili kwa hasira. Kifaranga changu kiko kule juu ya jani. Sikurudi.